Ndege Ipitayo Juu ya Makindu

Mtu akichukua ramani ya Kenya na rula, akapiga mstari ulionyoka kutoka Nairobi hadi Mombasa, mstari huo utapita karibu sana na Makindu. Urefu wake ni kilomita 440 hivi, na ndege huumaliza kwa muda wa saa moja au chini yake.

Zamani haikuwa hivyo. Wafanya biashara wa Kikamba wa karne ya 19, waliopeleka pembe za ndovu pwani, walikwenda kwa miguu siku nyingi nyikani. Reli ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika Nairobi 1899, na Makindu ikapata stesheni yake. Mwaka 1926 Makalasinga walijenga hekalu hapo, na hata leo msafiri ye yote hupewa chakula humo bila malipo. Treni ya reli mpya, iliyoanza 2017, huenda kati ya miji hiyo miwili kwa saa tano hivi. Nchi ni ile ile. Saa ndizo zilizopungua.

Lakini zimepungua kwa nani? Na afikiriwe mkulima wa Makindu atakaye kwenda Mombasa kwa ndege. Saa moja ya asubuhi hupanda basi, naye huipa Mombasa kisogo, kwani sharti kwanza aende Nairobi, kilomita 170 hivi, mwendo wa saa tatu. Hufika kiwanjani mapema, mizigo yake ikapimwa, akangoja. Hatimaye huruka, akapita juu ya shamba lake mwenyewe na mbuzi aliowaacha asubuhi. Anaposhuka Mombasa, jirani yake aliyepanda basi la pwani saa ile ile amekwisha kula chakula cha mchana.

Katika safari ya mbali hesabu hugeuka. Tangu Oktoba 2018 iko ndege itokayo Nairobi hadi New York bila kutua njiani, safari ya zaidi ya kilomita 11,000, kwa saa 15 hivi. Hapo hakuna basi wala treni ya kushindana nayo. Hata hivyo, zile saa tatu za kutoka Makindu hadi Nairobi ni sawa na moja ya tano ya saa za angani, ingawa mwendo wake haufiki hata sehemu mbili katika mia.

Basi saa zilizoandikwa katika tikiti ni za ndege, si za abiria. Mtu aliyeitwa kwenye ugonjwa au mazishi, akizitegemea hizo peke yake, huenda akakuta watu wamekwisha tawanyika. Atakaye kujua urefu wa safari yake, na aanze kuhesabu mlangoni pake, akomee mlangoni pa yule amwendeaye.