Nyumba ya Burma

Nyumba niliyozaliwa ipo Uru, juu ya mji wa Moshi, katikati ya migomba na mibuni. Katika ukoo wetu inaitwa Nyumba ya Burma. Babu yangu aliijenga aliporudi kutoka Vita Kuu ya Pili, na ilikuwa miongoni mwa nyumba za kwanza za bati kwenye njia yetu. Tangu utotoni tuliambiwa kwamba kila bati lililo juu ya vichwa vyetu lilinunuliwa kwa jasho la askari. Niliamini hivyo mpaka nikawa mtu mzima mwenye watoto wangu mwenyewe.

Babu alikuwa Keya, kama wazee walivyoliita jeshi la King's African Rifles. Alifika Burma na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, iliyopigana mwaka 1944 katika bonde la Kabaw, kwenye mvua, matope na malaria. Alirudi mwaka 1946 na koti zito la jeshi, kikombe cha bati na maneno machache ya Kihindi. Jioni, mbege ikiwa kwenye kata, alitusimulia mambo ya kule, nasi wajukuu tukasahau hata usingizi. Habari za nyumbani wakati wa vita hakuzisimulia, maana hakuwapo. Na aliyekuwapo hakuna aliyemwuliza.

Aliyekuwapo ni shangazi yangu, mtoto wake wa kwanza. Vita ilipoanza mwaka 1939 alikuwa na miaka minane. Nilimsikia kwa mara ya kwanza akizungumzia miaka ile mwezi wa Agosti mwaka 2001, siku chache baada ya kumzika baba yangu. Tulikaa jikoni, yeye akimenya ndizi za mtori.

"Mwanangu," aliniambia, "hilo bati mnalolisifu, mimi nililibeba kichwani kabla halijanunuliwa."

Akanieleza. Babu alipoondoka, Bibi alibaki na kihamba kizima na watoto wadogo. Shangazi akaachishwa shule. Asubuhi alikata majani ya ng'ombe, kisha wakachuma kahawa, wakaimenya, wakailoweka, wakaiosha kwa maji ya mfongo na kuianika. Ikikauka waliipeleka kwa kichwa kwenye chama cha msingi, nacho kikaipeleka KNCU, ule ushirika ulioandikishwa mwaka 1933. Wakati wa vita serikali ya Uingereza ilinunua kahawa yetu kwa bei iliyopangwa. Haikuwa bei ya kumtajirisha mtu, lakini fedha ilipatikana kila msimu.

"Ila fedha ya nini?" aliniuliza. "Madukani Moshi hakuna kanga, hakuna sukari, mafuta ya taa ya kubahatisha. Bibi yako akawa anaweka tu. Baba aliporudi akakuta akiba ya misimu minne. Ya kwake ya jeshi iliisha kwa ng'ombe mmoja na pombe ya kuwashukuru majirani."

Maneno yale yalinifanya nitafute vitabu, kwa kuwa nilitaka kujua kama Shangazi alikuwa anazidisha chumvi. Nilichokikuta kilinishangaza. Jambo lile lile lilitokea Marekani, nchi tajiri kuliko zote. Kuanzia Februari 1942 viwanda vyao viliacha kutengeneza magari ya raia, vikatengeneza ndege, vifaru na malori ya jeshi. Watu walikuwa na kazi na mishahara, lakini vitu vya kununua vilikuwa haba, basi wakaweka akiba. Hata kahawa waligawiwa kwa kipimo: tangu Novemba 1942 hadi Julai 1943 mtu mzima alipata ratili moja kwa wiki tano, kwa sababu meli hazikutosha na nyambizi za Wajerumani zilikuwa zikizizamisha. Vita ilipokwisha, akiba ile ilitoka kwa kishindo, ikanunua magari na nyumba. Nikafikiri: kumbe Bibi yangu, ambaye hakujua kusoma, na mama wa Chicago walikuwa katika hali moja, kila mmoja ana fedha mkononi na duka mbele yake ni tupu.

Nikasoma pia kwamba mamilioni ya wanawake wa Marekani waliingia viwandani badala ya wanaume, na amani iliporudi wengi wao waliondolewa ili waliotoka vitani wapate nafasi. Askari walipewa sheria yao ya mwaka 1944, iliyowalipia masomo na kuwasaidia kupata mikopo ya nyumba, ingawa askari weusi wengi walizungushwa mpaka wakaikosa. Babu yangu hakuwekewa sheria ya namna hiyo. Lakini alikuwa na kitu kimoja ambacho binti yake hakuwa nacho. Daftari la chama lilikuwa na jina lake. Misimu yote aliyokuwa Burma, kahawa ilipimwa kwa jina lake.

Hapo ndipo aibu yangu inapoanza. Kwa mila yetu nyumba ya wazazi humwendea mtoto wa kiume wa mwisho. Ilimwendea baba yangu, aliyezaliwa mwaka 1947, wakati bati lilikuwa bado jipya. Katika kikao cha ukoo baada ya matanga, Shangazi, ambaye alikuwa mjane na hakuwa na mahali kwa wakwe zake, aliomba kipande kidogo tu, mibuni ishirini iliyo kando ya mfongo. Alisema, "Ile niliipanda na mama." Wazee wakatazamana. Mmoja akasema kihamba hakigawiwi kwa mtu anayeolewa. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 ilikwisha kutamka kwamba mila inayomnyima mwanamke haki ya ardhi ni batili. Mimi nilikuwa nimeisikia habari hiyo redioni. Tena mimi ndiye niliyekuwa narithi. Neno langu moja lingetosha.

Nilinyamaza. Nilijiambia kwamba msiba si mahali pa kubishana.

Shangazi hakulalamika. Alirudi kwenye chumba chake cha kupanga kule Majengo, akafariki mwaka 2006. Majuto ni mjukuu, wahenga walisema, na mimi ni mjukuu kweli kweli.

Miaka mitatu iliyopita nilimwita binti yake, nikampimia kile kipande kando ya mfongo, tukaandikiana mbele ya mwenyekiti wa kijiji. Baadhi ya wazee walininunia, na wengine bado wananinunia. Mibuni imezeeka, baadhi ameing'oa, akapanda miche mipya. Sidai kwamba nimelipa deni, maana mwenye deni lake hayupo. Ila wanangu wakiniuliza kwa nini nyumba yetu inaitwa ya Burma, siwasimulii tena habari za matope na Wajapani peke yake. Nawaambia kwamba Burma alikwenda mtu mmoja, na waliobaki Uru ndio walioiezeka nyumba.