Jiwe Lisilochongwa

Ndugu wasomaji, katika mwezi wa Agosti mwaka 2024 alitujia hapa Same mpwa wangu, kijana wa miaka ishirini na minne, ambaye wazazi wake wanakaa Oslo, mji mkuu wa Norway. Alikuja kumwona bibi yake, yaani mama yangu mzazi, na zilikuwa zimembakia siku chache tu kabla ya kurudi. Usiku mmoja, baada ya Sala ya Isha, alitusimulia jinsi watu wa huko wanavyoitumia siku yao ya mapumziko. Asubuhi hupanda treni mpaka vilimani, wakatembea msituni kwa miguu. Alasiri hushuka mjini, wakaingia katika bustani kubwa iliyojaa sanamu. Sanamu hizo, ambazo ni zaidi ya 200, ni kazi ya mchongaji mmoja aliyeitwa Gustav Vigeland, aliyefariki mwaka 1943. Nyingine ni za shaba, nyingine ni za mawe magumu. Na mahali pa juu katika bustani hiyo imesimama nguzo ya jiwe moja ambamo wamechongwa watu 121, wakubwa kwa wadogo, wameshikamana na kupandana mpaka kileleni. Alipomaliza akasema, "Mjomba, nataka siku kama hiyo hapa kwetu. Mlima tunao. Sanamu ziko wapi?"

Nilicheka, kisha nikamweleza jambo ambalo yampasa kijana wa Kiislamu kulijua: kwamba wazee wetu walijihadhari sana na sanamu za viumbe wenye roho, si kwa kuwa hawakuujua uzuri wa kazi ya mikono, bali kwa kuwa walijua jinsi moyo wa mwanadamu ulivyo mwepesi wa kukiinamia kitu alichokitengeneza mwenyewe. Halafu, kwa ulimi usiotangulia kufikiri, nikaongeza: "Bustani ya sanamu hatuna, lakini liko jiwe moja huko Mbaga, jina lake Malameni. Asubuhi tutapanda mlima, kisha tutakwenda kulitazama, na siku yako itakuwa imetimia."

Mama yangu alikuwa ameketi pembeni akivuta tasbihi yake. Niliona vidole vyake vimesimama, lakini hakusema neno.

Basi tukaanza kuipanga safari. Kijana alitaka kwanza tupande Shengena, kilele kirefu kuliko vyote katika milima ya Upare, chenye urefu wa mita 2,462 juu ya usawa wa bahari. Alikuwa amesoma kwamba katika msitu wa Chome, ambamo kilele hicho kimo, anaishi ndege mdogo mwenye duara jeupe kulizunguka jicho, ambaye haonekani mahali pengine popote duniani ila katika milima hii ya Upare ya Kusini. Nikamwambia kwamba ndege ni kweli na kilele ni kweli, lakini siku ni moja. Msitu wa Chome ni hifadhi iliyo chini ya Wakala wa Huduma za Misitu. Mtu haingii humo kama aingiavyo shambani kwake, bali hulipa ada akaenda pamoja na mwongozaji. Tena tungekuwa na watoto wangu wawili, mmoja wa miaka tisa na mwingine wa miaka kumi na miwili. Wahenga walisema, kupanda mchongoma kushuka ndiyo ngoma. Na mchongoma wetu una mita elfu mbili na zaidi. Tukakubaliana kwamba Shengena ingojee safari nyingine, nasi tupande njia za Mbaga peke yake.

Mbaga iko kusini mashariki ya mji wa Same, kiasi cha kilomita 30 kwa barabara ya mlimani, nayo iko juu zaidi ya mita 1,300. Agosti ni mwezi wa kiangazi, na barabara haina matope yale ya masika yanayoikwamisha motokaa kabla haijafika nusu ya njia. Tulipanga kutoka baada ya Sala ya Alfajiri, tuswali Adhuhuri hukohuko juu, na tuwe tumerudi nyumbani kabla ya Magharibi. Kijana aliuliza kama tungepunguza Sala kwa kuwa ni wasafiri. Nikamjibu kwamba umbali wetu haufikii masafa ya kupunguza, kwa hiyo tutaswali rakaa nne kamili. Chakula kingekuwa sufuria ya makande, maana Mpare akienda mlimani bila makande husemwa kuwa amepotea njia, pamoja na chupa mbili za chai yenye tangawizi ya Miamba.

Yote yalikwisha kupangwa, ndipo mama akaniita chumbani kwake. Yeye alizaliwa Mbaga, akashuka Same kwa kuolewa. Akaniambia, "Mwanangu, umempangia mtoto huyu tamasha. Je, umemwambia jiwe lile lilikuwa la nini?"

Nilinyamaza, maana sikumwambia. Wenyeji wa Mbaga husimulia, na waongozaji huwaeleza wageni, kwamba juu ya jiwe la Malameni watoto wazima wenye afya walikuwa wakitolewa kafara ili kuwatuliza pepo wabaya, na kwamba desturi hiyo ilikoma katika miaka ya 1930. Mimi nililijua jambo hilo tangu utotoni. Lakini kwa kulisikia mara nyingi lilikuwa limegeuka kuwa hadithi tu, kama hadithi ya zimwi.

"Mama yangu mimi," akaendelea, "alipokwenda kuokota kuni hakuipita njia ile hata siku moja. Alizunguka, na mzigo kichwani, mpaka alipofariki. Watu wa huko kwao wana sanamu za kutazama. Sisi hapo tuna mahali pa kulia. Ukiwapeleka watoto, wapeleke kama mtu anayekwenda makaburini."

Nakiri kwamba niliona haya. Nilikuwa nimehesabu maili, na saa, na vikombe vya chai, lakini adabu ya safari sikuihesabu. Usiku ule niliwakusanya watoto na mpwa wangu, nikawaeleza yote bila ya kuficha. Tukaafikiana kwamba mbele ya jiwe hatutakula, hatutacheka, wala hatutapiga picha. Mama akasema atakuja nasi, ila yeye atabaki kwa nduguye pale Mbaga.

Tulitoka asubuhi ya Jumamosi. Tulipoiacha tambarare ya Same, yenye miiba na vumbi, hewa ilibadilika kidogo kidogo ikawa ya baridi, na migomba ikatokea kandokando ya njia. Tulimshusha mama, tukaendelea kwa miguu. Tulianza na mapango ya Mghimbi. Katika miaka ya 1860, baada ya kufa Kimweri ye Nyumbai, mfalme wa Washambaa, mwaka 1862, vita na utekaji ulienea katika nchi hizi, na watu walikamatwa wakapelekwa kuuzwa katika bandari za pwani kama Pangani. Watu wa Mbaga walijificha katika mapango haya pamoja na watoto wao. Watoto wangu walinyamaza ndani ya giza lake. Mpwa wangu akaniuliza kwa sauti ndogo kama wanunuzi wa watu wale walikuwa Waislamu. Nikamjibu kweli, kwamba wengi wao walikuwa na majina kama yetu, na waliswali kama sisi, na dhuluma yao ilibaki kuwa dhuluma. Mwislamu hapaswi kuificha aibu ya jamaa yake kwa kuwa ni jamaa yake.

Kisha tukapanda mpaka Malameni. Ndugu msomaji, ni jiwe. Sikuona juu yake uso wa mtu wala alama ya patasi. Kijana aliyezoea nguzo ya watu 121 alilitazama kwa muda mrefu, akasema, "Mjomba, hapa hapana kitu." Hapo binti yangu wa miaka tisa akauliza, "Baba, nani aliwachagua?"

Sikuwa na jawabu jepesi. Nilimwambia kwamba waliowachagua ni watu wazima waliokuwa na hofu: hofu ya ukame, hofu ya maradhi, hofu ya wasivyoviona, na mtu mwenye hofu akikosa wa kumzuia, hutafuta aliye dhaifu kuliko yeye akamtanguliza mbele. Akauliza tena, "Na sasa wameacha?"

Nilitaka kusema ndiyo. Lakini miezi miwili tu kabla ya siku ile, nchi yetu ilikuwa imelia kwa ajili ya mtoto mwenye ualbino, ambaye hakutimiza miaka mitatu, aliyetekwa na kuuawa mkoani Kagera kwa ajili ya imani za kishirikina. Wale waliomwua hawakuwa na jiwe wala sanamu; wengine katika watu wa namna hiyo wana simu na hesabu za benki. Tumekuwa wepesi wa kuilaani sanamu iliyo nje, na ile hofu inayoomba damu ya mtoto tumeiacha ikae mioyoni mwa jirani zetu, pengine na mioyoni mwetu, kila tunapomwendea mganga kwa siri kumwuliza nani ametuloga. Jiwe la Malameni lilikuwapo kabla ya kafara na lipo baada yake. Jiwe halina kosa.

Tuliswali Adhuhuri na kula makande nyumbani kwa ndugu yake mama. Baada ya chakula yule binti alimlalia bibi yake mapajani, akamwuliza swali lilelile. Mama hakuzungumza habari ya Malameni. Alimsimulia kisa cha Nabii Ibrahimu, na jinsi kisu kilivyozuiwa, na baba akarudishiwa mwanawe, akapewa mnyama badala yake. "Ndiyo maana tunachinja Idi," akamwambia. "Kila mwaka tunakumbushwa kwamba mtoto alirudi nyumbani."

Kisa hicho nimekisikia katika hotuba zaidi ya thelathini, nami ningekiri kwamba siku ile ndiyo niliyokifahamu.

Ndugu wasomaji, pangeni safari na watoto wenu. Wapandisheni milimani, wachoke, wale, wacheke, wajue majina ya vilele vya nchi yao. Tazameni kiangazi na masika, msilazimishe kazi ya siku mbili iingie katika siku moja, na mwulizeni mzee wa nyumba kabla ya kutoka, maana huenda analijua jambo moja ambalo ramani haina. Na mkifika mahali ambapo waliokutangulieni walilia, simameni kidogo, muwajibu watoto maswali yao.

Mpwa wangu amekwisha kurudi Oslo. Katika simu yake hakuna picha ya jiwe. Iko moja tu ya siku ile: bibi yake ameshika bakuli la makande, na mjukuu amelala mapajani pake. Mwenyezi Mungu atuhifadhie watoto wetu, na atuepushe nasi tusiwe hofu yao. Amin.