Nambari Niliyoiona Nikanyamaza

Mwaka 2015 mimi na binti wa jirani yetu hapa Makorora tulitia saini mikataba ya kwenda Oman kufanya kazi za ndani. Mikataba yote miwili ilikuwa ya Kiarabu, na mimi ndiye niliyeisoma, wangu na wa mwenzangu, kwa sauti, mbele ya wazazi wetu. Sikuelewa nilichokuwa nikisoma. Kitu kimoja tu nilikielewa, nacho nikakificha. Huko kuficha ndiko ninakokuja kukiri.

Dalali alikuja baada ya Alasiri, na bahasha ya kaki mkononi. Tulikaa barazani kwa mama wa mwenzangu, ambaye hukaanga bajia na mihogo jioni. Alitoka jikoni na unga wa dengu ungali vidoleni. Akaniambia, “Haya mwanangu, wewe ndiye msomi wetu. Tusomee.”

Watoto wengi wa Tanga tunalelewa chuoni. Harufi za Kiarabu tunazishika mapema, na mimi nilikhitimu msahafu nikiwa na miaka kumi na miwili. Basi nikaishika ile karatasi, nikavuta sauti kama nilivyofundishwa. Mkataba hauna alama za irabu zilizomo msahafuni. Nilibahatisha, hapa nikatia fat-ha, pale kasra, na barazani hakuwepo wa kunisahihisha. Mama yule aliinamisha kichwa, akasikiliza kwa heshima kana kwamba anasomewa dua. Mbele ya heshima ile nilishindwa kutamka maneno mawili mepesi: “Mama, sielewi.”

Kisha nikafika kwenye nambari. Nambari za Kiarabu nazijua vizuri, maana kila aya ya msahafu huishia na nambari yake. Palikuwa na sita, na pembeni yake nukta, ambayo ndiyo sifuri yao. Sitini. Dalali alikuwa ametuahidi riyali themanini kwa mwezi. Niliinua macho, nikamkuta ananitazama. Nikayashusha, nikaendelea na mstari uliofuata.

Nilijiambia huenda ile sitini ni ya jambo jingine, labda siku, labda umri. Lakini nilipousoma mkataba wa mwenzangu niliikuta sitini ileile, mahali palepale. Hapo nilijua. Nilinyamaza kwa sababu mtaa mzima ulishajua tunasafiri, nami niliogopa kwamba nikihoji, dalali atachukua bahasha yake na kwenda kutafuta wasichana wasiouliza. Niliogopa kubaki. Kwa hofu yangu hiyo, mwenzangu naye akatia saini.

Tofauti ilikuwa riyali 20 kwa mwezi, kama shilingi laki moja kwa wakati ule. Kwa miaka miwili ya mkataba ni riyali 480 kwa kila mmoja wetu.

Muscat mimi niliangukia nyumba yenye nafuu. Mama mzazi wa tajiri wangu alizaliwa Unguja. Alikuwa miongoni mwa familia zilizoondoka baada ya Mapinduzi ya 1964, zikaingia Oman Sultani Qaboos alipotawala mwaka 1970 na kuwaita waliokuwa nje warudi. Kiswahili chake kilikuwa kitamu kuliko changu. Usiku mmoja, tukichambua mchele jikoni, nilimpelekea mkataba wangu nikamwomba anieleze. Akavaa miwani, akafuata mistari kwa kidole, akawa anasoma na kutafsiri. Mshahara riyali sitini. Siku ya mapumziko haikutajwa. Kazi ni zote atakazoagizwa. Akiacha kabla ya miaka miwili, atarudisha gharama za kumleta. Alipomaliza akaniuliza, “Mwanangu, hukusomewa haya ulipotia saini?” Nikamjibu, “Nilisoma mwenyewe, bibi.” Hakuniuliza tena.

Mwenzangu hakupata bibi wa namna hiyo. Alipelekwa mbali na Muscat, kwenye nyumba isiyo na mtu wa kusema naye Kiswahili. Simu yake ilishikwa na mwenye nyumba, akawa anapewa mara moja kwa mwezi. Viza yake ilifungwa kwa jina la mdhamini mmoja, yule anayeitwa kafili; kutoka bila ridhaa yake ni kuripotiwa kuwa umetoroka. Baada ya miezi saba mwili ulimshinda, akaomba arudi. Mkataba ukatolewa, kifungu cha gharama kikaoneshwa. Mama yake alizikusanya fedha zile kwa mkopo wa kikoba na kwa mtaji wake wa bajia. Karai lilikaa jikoni miezi mingi bila kuona moto.

Baadaye ndipo nilipojua uzito wa karatasi ile. Sheria ya kazi ya Oman ya mwaka 2003, iliyokuwa ikitumika wakati huo, iliwaacha nje wafanyakazi wa ndani. Kinga yetu kubwa ilikuwa mkataba, na mimi niliugeuza kisomo cha kujionesha.

Tangu nirudi, wasichana huja kwangu na bahasha zao. Jambo la kwanza ninalowaambia ni kwamba harufi nazijua, maana ya karatasi siijui. Kisha tunakwenda pamoja kwa mwalimu anayekijua Kiarabu cha kuandikiana. Simwombi atusomee, namwomba atueleze mstari kwa mstari, na msichana mwenyewe aandike kwa mkono wake mambo matano: mshahara ni kiasi gani, saa za kazi na za kulala, siku ya kupumzika, nani analipa tikiti ya kurudi, na ukiacha kazi kitatokea nini. Jambo lisiloandikwa kwenye mkataba tunalihesabu kuwa halipo, hata dalali akila kiapo.

Halafu nawauliza njia. Anayekwenda kufanya kazi nje anatakiwa apitie kwa wakala aliyesajiliwa, na mkataba wake uonwe na mamlaka ya serikali inayoshughulikia ajira, na ubalozi wetu Muscat. Viza ya matembezi haimpi mtu haki ya kufanya kazi. Na dalali akisema mvuke mpaka wa Horohoro mkapandie ndege Kenya, muulizeni anamkwepa nani.

Nyumbani lazima abaki mtu mmoja mwenye nakala ya pasi ya kusafiria, ya viza na ya mkataba, pamoja na jina kamili la tajiri na mji anakokaa. Sisi hatukuacha hata moja. Mwenzangu alipokwama, mama yake hakujua hata jina la mji wa kumtafutia. Namba ya ubalozi iandikwe kwenye karatasi na kufichwa kwenye nguo, kwa kuwa simu inaweza kuchukuliwa. Nauli ya kurudi nayo iachwe mikononi mwa mtu asiyelaghaika kwa maneno matamu.

Ukishafika, kile kitambulisho cha mkaazi wanachokiita bataka, kipige picha siku hiyohiyo uitume nyumbani. Kila mshahara uhesabu kabla ya kutia saini, uandike tarehe na kiasi kwenye daftari. Oman iko saa moja mbele ya Tanga. Pangeni siku na saa ya kupigiana, na neno moja la kawaida ambalo ukilitaja, nyumbani wajue una shida hata kama mwenye nyumba amesimama pembeni yako. Haya yote yanaingia kwenye ukurasa mmoja wa daftari. Mwenzangu angeweza kuondoka nayo, lau ningesema kweli jioni ile.

Kwa miaka mingi mama yake aliendelea kuniita msomi. Nilikuwa nikimpa shikamoo, ananiitikia marahaba mwanangu, nami napita upesi. Mwenzangu mwenyewe sasa ameolewa na ana watoto. Yeye ndiye niliyemwambia kwanza, akalia, akaniomba nikamwambie mama yake kwa mdomo wangu.

Nilikwenda jioni, nikamkuta anakoroga unga wa dengu. Nikakaa chini karibu na karai, nikamweleza yote: kwamba sikuelewa, kwamba nambari niliiona mara mbili, kwamba nilinyamaza. Aliendelea kukoroga muda mrefu. Kisha akasema, “Sitini niliijua tangu mshahara wa kwanza. Nilidhani tumedanganywa wote watatu.”

Hakusema jingine, nami sikumwomba aseme. Nilinawa mikono nikamsaidia kumenya mihogo hadi magharibi. Tangu siku hiyo haniiti msomi. Ananiita kwa jina langu, nami naitika.