Siku Tano Ukambani: Mkono Ulioanza



Wasomaji wetu watukufu, mama zetu na dada zetu, wiki hii tunawaletea habari za safari yetu ya siku tano katika kaunti za Kitui na Makueni. Tulikuwa wanne: sisi ndugu wawili wa kike, kaka yetu aliyetusindikiza, na binti yetu wa miaka 22 anayesoma sayansi ya viumbe chuoni. Sababu ya dhahiri ilikuwa kuwazuru jamaa za rafiki wa marehemu baba yetu, aliyefanya naye biashara mjini Kitui. Sababu ya pili tuliibeba moyoni. Binti yetu amepata nafasi ya kwenda nchi nyingine kwa wiki tatu, kujifunza kwa vitendo elimu ya ubongo na mishipa ya fahamu pamoja na vijana watafiti wa mataifa mbalimbali. Nyumbani rai ziligawanyika. Bibi yake aliuliza swali moja, nasi hatukuwa na jawabu: "Huko kupasua vichwa vya nzi kutamfaa nani?"

Tulipanda gari moshi la asubuhi Miritini, tukapita nyika ya Tsavo yenye udongo mwekundu, tukashuka Kibwezi. Njia hii si ngeni kwa watu wa Pwani. Kabla ya reli, misafara ya Wakamba iliteremsha pembe za ndovu hadi Mombasa. Mmoja wa wafanyabiashara wao mashuhuri, Kivoi wa Kitui, ndiye aliyekuwa mwenyeji wa Johann Ludwig Krapf alipofika huko mwaka 1849 akitokea Rabai. Na mbele ya Kibwezi, katika reli ya zamani, uko mji uitwao Sultan Hamud hadi leo, kwa jina la Sultani wa Unguja, Sayyid Hamud bin Muhammad.

Kutoka Kibwezi tulishika barabara ya Ikutha na Mutomo kuelekea Kitui. Tulivuka mto Athi, na kaka yetu akatukumbusha kwamba maji yale yale ndiyo huitwa Galana yakifika chini, kisha Sabaki, hata yakamwagikia baharini kaskazini ya Malindi. Mibuyu ilisimama kando ya njia bila jani. Mito mingi midogo ilikuwa mchanga mtupu. Lakini watu wa Ukambani hujenga kuta za mawe na saruji katikati ya mito hiyo. Mvua ikinyesha, mafuriko huleta mchanga ukajaa nyuma ya ukuta, na maji hubaki yamehifadhika ndani ya mchanga kwa miezi mingi. Tuliwaona wanawake wakifukua kwa mikono na kuteka maji masafi mahali ambapo mpita njia angeapa kuwa ni pakavu.

Mjini Kitui tulipokewa kwa uji, asali na maneno mengi ya kumrehemu baba yetu. Bibi mwenyeji, aliyepita miaka 70, alikuwa uani akisuka kiondo cha mkonge. Alisokota nyuzi juu ya paja, akazipitisha moja juu ya nyingine, huku akituuliza habari za mjini wala hatazami anachokifanya. Binti yetu alimtazama kwa muda, kisha akaomba ruhusa ya kumwonyesha kitu. Akatoa mkobani kijisanduku kisichozidi kiganja, chenye betri, waya tatu na spika ndogo, alichokiunganisha mwenyewe chuoni kwa vipande vya bei nafuu. Akambandika bibi vibandiko viwili kwenye mkono, chini kidogo ya kiwiko, na kimoja nyuma ya kiganja. Mkono ulipotulia, spika ilivuma taratibu. Bibi alipovuta uzi, ikatoa kishindo kama mvua juu ya bati. Akaacha, ikanyamaza. Akavuta tena, ikalia.

"Kumbe mkono wangu unasema!" akacheka hata machozi yakamtoka, akaita wajukuu wote waje wasikie.

Binti yetu akaeleza kwa lugha nyepesi. Ubongo wa mtu mzima una uzito usiofika kilo moja na nusu, nao una seli za fahamu zinazokadiriwa kuwa bilioni 86. Seli hizi huzungumza kwa umeme mdogo mno na kwa kemikali. Amri ya kuvuta uzi hutoka ubongoni, ikapita uti wa mgongo, ikafuata mishipa ya fahamu hadi kwenye misuli, na misuli inapojikaza hutoa umeme wake. Huo ndio tulioupa sauti. Ama kule kusuka bila kutazama, alisema, ni matunda ya marudio ya miaka: kila mara kitendo kinaporudiwa, viungo baina ya seli zinazokiongoza huimarika. Ndiyo maana mtu hawezi kuwa fundi wa kusuka kwa kusoma kitabu cha kusuka, na ndiyo maana elimu ya ubongo nayo haimkai mwanafunzi mpaka aiguse.

Hapo tukaelewa kwa nini vijana hawa hukusanywa kutoka nchi mbalimbali na kuwekwa chumba kimoja na vifaa. Elimu hii si mpya katika ukanda wetu. Jumuiya ya wanasayansi wa ubongo wa Afrika, iitwayo SONA, ilizaliwa Nairobi mwaka 1993. Mwaka 2011, Lucia Prieto-Godino, Tom Baden na Sadiq Yusuf, walioanzisha taasisi ya TReND in Africa, waliendesha mafunzo ya vitendo katika Chuo Kikuu cha Kampala International University huko Ishaka, magharibi ya Uganda. Mnyama waliyemtumia ni yule yule nzi mdogo wa matunda aliyemkera bibi. Nzi huyu hulishwa chakula cha bei rahisi, na kizazi kipya hupatikana kwa siku kumi hivi, kwa hiyo chuo kisicho na fedha nyingi kinamudu kumfuga. Udogo wake usitudanganye. Zawadi ya Nobel ya tiba ya mwaka 2017 ilitolewa kwa wataalamu watatu waliotumia nzi hawa kugundua namna mwili unavyojua usiku na mchana, saa ile ile ya ndani ambayo humwamsha aliyezoea Alfajiri hata kabla ya adhana.

Usiku ule, baada ya Isha, tukiwa tumelala chumba kimoja, tulisema jambo ambalo nyumbani kwetu halisemwi. Mama yetu alikuwa na mdogo wake wa kike, mzuri wa sura na mwepesi wa kushona. Alikuwa na kifafa. Alifungiwa chumba cha nyuma wageni walipokuja. Kikombe chake kilitengwa, kwa dhana kwamba mate yake yanaambukiza. Alizungushwa kwa waganga kwa miaka, akafukizwa na kupigwa ili jini limtoke, wala hakupelekwa hospitali hata siku moja. Akiwa na miaka 31 alianguka jikoni, juu ya moto, hapakuwa na mtu karibu.

Binti yetu alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Siku zote mliniambia alikufa kwa homa."

Hatukuwa na la kujibu. Tuliona haya mbele ya mtoto tuliyemlea kwa kumhimiza asiseme uongo.

Siku ya tatu tuliondoka Kitui, tukapita Kwa Vonza, penye Chuo Kikuu cha South Eastern Kenya, tukazunguka kwa Machakos hadi Wote, makao makuu ya kaunti ya Makueni. Huko tulifikia kwa binti wa yule bibi, ambaye ni mhudumu wa afya ya jamii. Kazi yake ni kuzunguka nyumba kwa nyumba. Asubuhi aliomba idhini ya mama mmoja tukaingia kwake pamoja. Mwanawe wa miaka tisa alikuwa na kifafa tangu utotoni. Mama huyo alitueleza bila kificho kwamba mlango wa kwanza aliobisha ulikuwa wa mganga wa jadi, na mganga mwenyewe ndiye aliyemwambia: hili si la mizizi yangu, mpeleke mtoto zahanati.

Tulistaajabu, ila Makueni ina historia katika jambo hili. Profesa David Ndetei, daktari bingwa wa maradhi ya akili, na wenzake wakiwamo Victoria Mutiso na Christine Musyimi, kupitia taasisi ya Africa Mental Health Research and Training Foundation, waliifanya kaunti hii kuwa mahali pa kazi yao. Waliutumia mwongozo wa Shirika la Afya Duniani uliotolewa mwaka 2010, ulioandikwa kwa ajili ya watu wasio mabingwa, unaogusa huzuni iliyozidi, maradhi ya akili, kifafa na mengineyo. Hawakuwafundisha wauguzi, matabibu na wahudumu wa jamii pekee. Waliwaita pia waganga wa jadi na viongozi wa dini wanaoombea wagonjwa, wakawakalisha meza moja na watu wa hospitali, wakazungumza bila kudharauliana, ili kila mmoja ajue dalili za kumtambua mgonjwa na mahali pa kumpeleka. Wagonjwa wengi huanza kwa watu hao. Anayewapuuza amewapuuza wagonjwa.

Mtoto yule sasa humeza dawa kila usiku, na anasoma shule. Lakini lililomgusa binti yetu zaidi lilikuwa daftari la mama. Kila mwanawe alipoanguka, aliandika tarehe, saa, muda wa degedege, na namna lilivyoanza. Ukurasa baada ya ukurasa alikuwa ameandika: mkono wa kushoto kwanza. Binti yetu alituonyesha kwa kidole. Upande wa kulia wa ubongo ndio unaouongoza mkono wa kushoto, kwa hiyo mkono unapoanza kutikisika peke yake, humwelekeza tabibu upande wa ubongo ambako umeme umevurugika. Kifafa ni hicho: seli nyingi kuwaka kwa pamoja bila mpango. Mama huyu hakupata kuingia maabara, naye alikuwa amefanya kazi ya mtafiti kwa kalamu ya shilingi chache, na tabibu aliitumia.

Wala kifafa si cha Ukambani pekee. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013, uliofanywa katika nchi tano za Afrika, ulikuta Kilifi kwetu karibu watu 8 wenye kifafa katika kila 1,000. Miongoni mwa sababu ni matatizo wakati wa kuzaliwa, malaria kali inayofika ubongoni na majeraha ya kichwa. Na wanawake wamo katika elimu hii: Profesa Amina Abubakar, aliyetafiti kwa miaka makuzi ya watoto huko Kilifi, alitunukiwa tuzo ya Royal Society Pfizer mwaka 2016.

Basi tuyashike haya majumbani. Mtu akianguka kifafa, msogezeeni mbali moto na vitu vikali, mlazeni kwa ubavu, mwekeeni kitu laini chini ya kichwa, na mtazame saa. Msimtie kijiko wala kidole mdomoni, msimshike kwa nguvu. Likipita dakika tano, au likirudi kabla hajazindukana, mpelekeni hospitali mara moja. Mate yake hayaambukizi. Mjamzito asiache wala asibadili dawa kwa rai yake, na anayetaka kufunga Ramadhani amwone daktari mapema. Dua ina mahali pake, na dawa ina mahali pake. Tumefundishwa kisa cha yule bibi aliyemjia Mtume (S.A.W.) akilalamikia kuanguka kwake. Hakufukuzwa wala hakuaibishwa, bali alisikilizwa na akabashiriwa Pepo kwa subira yake. Na Ibn Sina, karne nyingi zilizopita, alikiandika kifafa katika mlango wa maradhi ya ubongo.

Siku ya tano, tukingoja gari moshi Emali, tulimpigia mama yetu simu. Tulimweleza habari ya nzi, ya kiondo kilichosema, na ya daftari la Wote. Tulimwambia kwamba sisi tumeridhia binti aende, kwa masharti ya swala, chakula cha halali na simu ya kila jioni. Tena tukamwambia kwamba tumemfunulia mtoto kilichomuua mama mdogo.

Alikaa kimya hata tukadhani simu imekatika. Kisha akasema:

"Na aende. Lakini kabla hajasafiri aje aketi nami. Nilikuwa nikilala naye chumba kimoja. Nitamwambia mwenyewe ni mkono gani wa mdogo wangu uliokuwa ukianza."

Tunamuomba Mola awarehemu waliotutangulia, awaponye wagonjwa wetu, na awape watoto wetu elimu yenye manufaa. Amin.

Wabillahi tawfiq.