HAIKU: SIFA NA KAZI



Wengi wanatuuliza: «Doyen, ile Haiku mliyotusifia, imefika wapi?» Inafaa tujibu kwa kweli, juu ni sisi wenyewe tuliisifu mbele ya Bw. Prefe.

Grupu ya shule inawaka saa mbili tu kila jioni. Ordinatere zetu nne ni za zamani. Kila moja ilikuwa inakula karibu dakika kumi mbele ya kufunguka. Mazutu inaungua, sisi tunaangalia kioo tu. Ndugu mmoja aliyemaliza hapa akatuletea kle USB yenye Haiku, akasema: «Wekeni hii, mtaona ajabu.»

Haiku ni programu inayoongoza ordinatere yote, sawa vile Windows. Zamani kulikuwa BeOS ya kampuni Be, ambayo Mfaransa Jean-Louis Gassée alianzisha katika Marekani. Mwaka 2001 Be ikashindwa, Palm ikanunua mali yake. Mwaka ule ule wapenzi wa BeOS wakaanza kuiandika upya kwa kujitolea, na mwaka 2004 wakaiita Haiku. Beta ya 5 ilitoka mwezi wa 9, 2024. Miaka 23, na toleo la kwanza kamili lilikuwa bado halijatoka! Hapo tungejiuliza, lakini sifa zilitulevya.

Jioni ya kwanza tulihesabu: sekunde 25, ordinatere iko wazi. Wote walipiga mikono. Hata ile ya kona, tuliyotaka kutupa, ilifanya kazi.

Juma la tatu wadogo wa darasa la pili wakaja: «Doyen, kazi yetu ya jeografia iko wapi? Tumetafuta, haiko.» Jioni nne za kuandika zilipotea. Mwenzao alitafuta nafasi ya nyimbo zake, akafuta. Hakuna mlango uliomzuia. Haiku, kama BeOS mbele yake, ilitengenezwa kwa mtu mmoja na ordinatere yake. Inafunguka bila kuuliza jina wala neno la siri; anayekaa pale ndiye mwenye nyumba. Mtoto yule tulimpa azabu ya kufagia. Leo tunaona azabu ile ilikuwa yetu, sisi tuliosifu bila kuuliza.

Haiku haikutudanganya. Iko mbio kweli, na mazutu tunaiokoa. Lakini waliotupa sifa zake, kila mtu yuko na ordinatere yake. Sisi tuko wengi kwa nne.

Basi Haiku inabaki. Kila darasa litakuwa na kle yake, kapita ataichunga. Pointi za waalimu zisiingie humo hata siku moja. Jeografia tuliiandika tena pamoja na wadogo, jioni mbili.

Na doyen wa mwaka kesho, mbele ya kusifu kitu kwa Bw. Prefe, akitumie kwanza mwezi mzima pamoja na darasa la pili.