Delhi kwa Miguu, Nyuma ya Didi

Shahjahanabad, mji mkongwe wa Delhi, hauonekani kutoka dirishani mwa gari. Basi la watalii huwashusha abiria mbele ya Ngome Nyekundu, likawapa muda mfupi wa kupiga picha kuta zake, kisha likageuza kurudi kwenye barabara pana za New Delhi. Mji wenyewe unaanzia pale basi linaposhindwa kupita, kwenye vichochoro ambavyo wenyeji huviita gali, vingine vyembamba hata watu wawili hupishana kwa kugusana mabega. Ndiyo maana nasema anayekwenda Delhi atafute mwongozaji wake mwenyewe, mzaliwa wa mji, atembee naye kwa miguu. Kama itabidi alale hoteli ya bei nafuu zaidi ili apate fedha ya kumlipa, na alale huko.

Wangu alikuwa mama wa makamo aliyekulia mji mkongwe, kitambulisho cha Wizara ya Utalii kikining'inia kifuani. Wauza vitambaa, wapiga pasi na watoto wa shule walimwita Didi, dada mkubwa, nami nikamwita hivyo hivyo. Alinitaka niwe kwenye ngazi za Jama Masjid mapema asubuhi, kwa sababu nihari haimsubiri aliyelala: ni nyama inayochemshwa taratibu usiku kucha pamoja na viungo, ikaliwa kabla jua halijapanda, kwa mkate uliotoka tanurini muda huo huo. Aliyezoea supu ya asubuhi Kariakoo atajiona yuko nyumbani. Msikiti wenyewe tuliuona baada ya kula. Mfalme Shah Jahan aliujenga kati ya 1650 na 1656, na ua wake unaweza kuchukua waumini wapatao 25,000. Saa ile ulikuwa na njiwa, wazee wachache, na sisi wawili.

Kutoka hapo Didi alinipitisha Kinari Bazaar, soko la mapambo ya harusi, ambako nyuzi za dhahabu na vilemba vya mabwana harusi huning'inia mpaka mchana unafanana na jioni. Katikati ya msongamano ule alikata kona na kuingia kwenye mlango ambao ningeupita mara mia bila kuuona. Ndani mlikuwa na Naughara, uchochoro wa nyumba tisa za zamani za Wajaini, kuta zake zikiwa na maua ya rangi, na mwishoni hekalu lao. Kelele zote zilibaki nje. Mama mmoja aliyekuwa akichambua dengu kizingitini alisogea, akatupa nafasi ya kukaa. Wawili wale waliulizana hali za watoto, mmoja baada ya mwingine, kwa majina, na hakuna aliyekuwa na haraka. Hicho ndicho unacholipia. Tarehe za wafalme zimo vitabuni, lakini nafasi kwenye kizingiti cha watu huipati mpaka uje na mtu wanayemfahamu.

Barabara ya Chandni Chowk, iliyochorwa pamoja na mji katika karne ya 17, inanishangaza kuliko ngome. Kwa mwendo wa mguu usiofika nusu saa unakutana na hekalu la Wajaini, hekalu la Wahindu, kanisa la Wabaptisti, gurudwara ya Masingasinga na misikiti, vyote kwenye mtaa mmoja. Katika hekalu la Wajaini kuna hospitali ya ndege, ambako njiwa waliovunjika mabawa hutibiwa bure. Lakini amani hii haikuja kwa urahisi, na Didi hakunificha. Pale ilipo Gurudwara Sis Ganj, Guru Tegh Bahadur, kiongozi wa Masingasinga, alikatwa kichwa mwaka 1675 kwa amri ya Mfalme Aurangzeb. Jirani yake tu ni msikiti mdogo wenye kuba za dhahabu, ambako Nader Shah wa Uajemi alikaa mwaka 1739 jeshi lake likiwachinja watu wa Delhi. Alisimulia hayo kwa sauti ya chini, akisubiri wapita njia wapite, kama mtu anayezungumzia msiba wa familia yake.

Kisha akaniambia nivue viatu, nifunike kichwa, tuingie jikoni mwa gurudwara. Huko chakula hupikwa na watu wa kujitolea na kupewa yeyote anayeingia, tajiri au fukara, wa dini yoyote, na wote huketi sakafuni kwenye mstari mmoja. Nilisukuma chapati kando ya mwalimu mstaafu na kijana wa benki aliyekuja kabla ya kwenda kazini. Kisha tukala dengu. Sijui chumba kingine cha kulia chenye heshima kama kile.

Mwisho wa Chandni Chowk, nyuma ya Msikiti wa Fatehpuri, ndipo lilipo soko la viungo la Khari Baoli. Kikohozi hukupokea kabla ya rangi, maana magunia ya pilipili kavu hayamhurumii mgeni wala mwenyeji. Mahamali hupita mbio na mizigo kichwani, na anayezubaa hupigwa kumbo. Manjano, hiliki, mdalasini, kungumanga, tangawizi kavu: tulipita tukinusa kila kitu. Didi alimwambia mzee mmoja wa duka la jumla kwamba mgeni wake anatoka Afrika Mashariki. Mzee akaingiza mkono kwenye gunia la karafuu, akanimwagia kiganjani, akasema neno moja: Zanzibar. Nilizinusa nikaamini.

New Delhi yenyewe nilikusudia kuipitia haraka, na niliipitia haraka kweli, ndani ya bajaji ya kijani na njano inayotumia gesi asilia. Waingereza walitangaza mwaka 1911 kwamba mji mkuu utahamia Delhi kutoka Calcutta, wakauzindua 1931, na miaka 16 baadaye wakaondoka. Majengo yake ni makubwa na yamepangwa ili mtu ajione mdogo. Mkenya atavutiwa kujua kwamba Herbert Baker, aliyechora majengo ya Sekretarieti pale Raisina, ndiye pia aliyechora Ikulu ya Nairobi.

Kaburi la Mfalme Humayun ni jambo jingine, na ningemsihi mtu alitengee jioni nzima. Lilijengwa karne ya 16, zaidi ya nusu karne kabla ya Taj Mahal, na bustani yake imegawanywa kwa mifereji ya maji. Taasisi ya Aga Khan ya Utamaduni, ile ile iliyofufua bustani ya Forodhani huko Unguja, ndiyo iliyolikarabati. Mafundi waliondoa saruji iliyopakwa karne ya 20 na kurudisha chokaa, kwa zana na ujuzi wa kale. Didi alinionyesha vigae vya buluu juu ya paa na kueleza jinsi vijana wa mtaa wa Nizamuddin, jirani na kaburi, walivyofundishwa upya kuvitengeneza. Alijivunia vigae vile kuliko kaburi.

Kusini mwa mji tulifika Qutb Minar, mnara wenye urefu wa mita 72.5 ulioanzishwa mwishoni mwa karne ya 12. Msikiti ulio chini yake ulijengwa kwa nguzo za mahekalu yaliyobomolewa, na kengele za Kihindu zilizochongwa kwenye mawe bado zinaonekana. Uani imesimama nguzo ya chuma yenye umri wa miaka ipatayo 1,600 ambayo kutu imeshindwa kuila. Ibn Battuta, aliyetembelea Kilwa mwaka 1331, alifika hapa miaka michache baadaye, akawa kadhi wa Delhi chini ya Sultani Muhammad bin Tughluq, na akaandika kuhusu mnara huu kwa mshangao. Macho yaliyouona mji wa Kilwa ndiyo yaliyouona mnara huu.

Mabasi ya watalii huondoka hapo. Didi alinivusha barabara kuingia Mehrauli, kwenye vichaka vyenye makaburi yasiyo na majina na kisima cha ngazi cha mwaka 1506 kinachoshuka ghorofa kwa ghorofa, wavulana wakicheza kriketi pembeni. Nenda Februari au Machi mapema, moshi wa Novemba ukiwa umepungua na joto halijaja, na mwambie mwongozaji wako tangu asubuhi kwamba Mehrauli ipewe alasiri yote.