Mfukoni bodi, mkononi kahawa: Unguja nyingine hii hapa

Mtajie kijana wa mjini habari za Unguja, atakujibu haraka haraka: urojo, Forodhani, Nungwi, wazungu wanaota jua. Sawa, hatukatai. Lakini wiki hii, msomaji wangu, nakupeleka Unguja kwa shughuli nyingine kabisa. Mfukoni tuna bodi ndogo kuliko kadi ya benki, na tunakwenda kujifunza namna ya kuiamrisha.

Bodi yenyewe ni Arduino Uno. Ukoo wa Arduino ulianzia mji wa Ivrea, Italia, mwaka 2005, walimu walipotaka kuwapa wanafunzi wao kitu rahisi cha kuchezea umeme. Jina, eti, walilitoa kwenye baa waliyokuwa wakikutania! Michoro yake iko wazi, yeyote anaruhusiwa kuitengeneza, ndiyo maana kuna nakala nyingi za bei ya kawaida. Katikati yake kuna mikrokontrola, yaani kompyuta nzima ndani ya kidude kimoja cheusi. Usitegemee makubwa: nafasi ya kuwekea programu ni kilobaiti 32 tu, picha moja ya simu yako haienei humo. Lakini zinatosha kuwasha taa, kupima joto, kulinda tangi la maji na kupiga king'ora mwizi akigusa dirisha.

"Mimi nimeishia Form Four, hayo ya programu nitayaweza wapi?" Utayaweza, bwana. Nami nimeishia hapo hapo. Twende.

KAHAWA INAVYOFUNDISHA

Ukishuka boti bandarini Malindi, jitose kwenye vichochoro vya Mji Mkongwe. Usiogope kupotea, kupotea ndiyo starehe yenyewe. Uliza Jaws Corner, kila mtu anapajua. Ni maskani iliyopewa jina la ile filamu ya papa, na wazee kwa vijana hukaa barazani wakinywa kahawa, wakicheza dhumna na bao, huku siasa na mpira vikichambuliwa bila refa.

Agiza kikombe, kisha mtazame muuza kahawa. Kabla ya wateja anawasha makaa, anaosha vikombe, anateleka dele. Hiyo anafanya mara moja tu. Baada ya hapo kazi yake ni kuzunguka: nani kamaliza, nani kaingia, nani hajalipa, makaa yamepungua? Akifika mwisho anaanza tena, mpaka anafunga biashara.

Programu ya Arduino imejengwa vivyo hivyo. Sehemu ya kwanza inaitwa "setup". Bodi inaisoma mara moja tu inapopata umeme, na humo unaiambia mambo ya maandalizi, mfano "pini namba 13 itatoa umeme". Sehemu ya pili ni "loop". Hiyo inarudiwa rudiwa bila kuchoka mpaka umeme ukatike.

Zoezi la kwanza la kila mwanafunzi ni kuwasha na kuzima kitaa kilichomo kwenye bodi yenyewe, pini ya 13. Washa, subiri sekunde moja, zima, subiri sekunde moja. Basi! Ukisahau ile subira ya pili utaona taa haizimi kabisa. Inazima, ila kwa muda mfupi mno kwa jicho la binadamu. Hapo ndipo unajua kwamba mashine haina akili ya kukisia ulichotaka. Inafanya ulichosema.

Sasa ipo amri ya kusubiri inayoitwa "delay". Tamu kwa mwanzo, lakini ina kasoro: inaisimamisha programu nzima. Fikiria muuza kahawa amemkodolea macho mteja mmoja mpaka amalize kikombe, huku wengine wanapiga kelele. Watahama! Bodi nayo ikiwa kwenye "delay", ukibonyeza swichi haina habari.

Dawa yake ni "millis", inayokuambia zimepita elfu ngapi za sekunde tangu programu ianze. Unaweka kumbukumbu: taa niliibadilisha mara ya mwisho saa ngapi? Kila mzunguko unatoa wakati ule kwenye wakati wa sasa. Ikifika 1000, badilisha taa, weka kumbukumbu mpya. Haijafika? Pita, angalia swichi, angalia joto, rudi tena. Mtu akilishika hilo, tayari ametoka darasa la chekechea.

SAA MOJA NI SAA NGAPI?

Toka hapo teremka hadi Forodhani. Mbele yako ni Beit al Ajaib, jumba alilolijenga Sayyid Barghash mwaka 1883. Lilikuwa jengo la kwanza Zanzibar kuwaka taa za umeme, na baadaye likapata lifti wakati wengi wa pande zetu hizi hawajapata hata kuisikia. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu kubwa ya jumba hilo ilianguka wakati wa ukarabati na watu wawili wakapoteza maisha. Ukisimama mbele yake roho inauma.

Jumba hilo lilijulikana sana kwa mnara wake wa saa, na saa ndilo somo letu la pili. Unajua mambo yetu: mshale ukionyesha 7 asubuhi sisi tunasema saa moja. Saa za dukani zinakuja na hesabu ya kwao, sisi tunasoma upande wa pili bila hata kufikiri. Bodi haiwezi kufanya hivyo mpaka uifundishe.

Nunua kidude kidogo cha saa chenye betri yake, kinaitwa DS3231. Kitakupa saa kwa hesabu ya 0 hadi 23. Wewe iambie bodi: ongeza 6, gawanya kwa 12, chukua baki. Jaribu na 7: ukiongeza 6 ni 13, ukigawa kwa 12 baki 1. Saa moja hiyo! Jaribu 21: inakuwa 27, baki 3. Saa tatu usiku, sawasawa.

Sasa jaribu 18, ile jioni muadhini anakaribia kuadhini Magharibi. Inakuwa 24, baki sifuri. Umeshasikia mtu Unguja anakuambia tukutane saa sifuri? Kwa hiyo unaongeza sharti moja: baki ikiwa sifuri, andika 12. Sharti hilo linaitwa "if", na ndilo chumvi ya programu zote duniani. Jifunze daima kujaribu programu yako pembeni, kwenye namba za mwanzo na za mwisho. Makosa hujificha huko.

HABA NA HABA, TANGI LINAJAA

Inua macho uangalie mapaa. Matangi ya maji kila nyumba. Hapa sio mapambo. Mwaka 2008, kuanzia Mei hadi Juni, Unguja ilikaa kama mwezi mzima bila umeme wa gridi, hitilafu ilipoikumba njia ya umeme kutoka Bara. Desemba 2009 giza likarudi, safari hii hadi Machi 2010. Pampu zilisimama, watu wakabeba ndoo, wenye jenereta wakawa wafalme. Waya mpya wa chini ya bahari ulianza kazi 2013. Bodi yetu isingeunga waya wa baharini, tusidanganyane. Lakini maji yaliyomo tangini yanaweza kulindwa na kijana wa nyumba hiyo hiyo.

Wengi wanaoanza huweka alama moja: maji yakishuka chini ya hapa, washa pampu, yakipita, zima. Matokeo yake maji yanatikisika kwenye alama na pampu inawaka na kuzima kama taa ya disko, mpaka iungue. Weka alama mbili. Maji yakishuka robo, washa. Yakijaa, zima. Yakiwa katikati, iache pampu ilivyokuwa. Maneno hayo machache yanaokoa pampu.

Angalizo, na hapa sina mzaha: pini ya Arduino inatoa volti 5 na nguvu kidogo sana, ya kuwashia kitaa tu. Usiunganishe pampu moja kwa moja. Katikati weka rilei, na ule upande wa volti 230 mwachie fundi umeme. Halafu funika bodi kwenye kijisanduku, maana upepo wa chumvi wa Unguja unakula nyaya taratibu kama mchwa.

KINA MAMA WA KINYASINI

Kama bado unajiona mdogo kwa mambo haya, panda gari la shamba uende Kinyasini, Kaskazini Unguja. Huko kuna kituo cha Barefoot College, ambako kina mama wa vijijini, wengine bibi zetu kabisa na wasiojua kusoma, wamefundishwa kuunga na kutengeneza mitambo ya umeme wa jua. Wanajifunza kwa mikono na kwa rangi: kila kipande kinatambulika kwa rangi yake, waya huu na ule. Wakirudi kijijini ndio mafundi. Sasa wewe mwenye cheti cha sekondari na simu ya kugusa unaogopa nini?

Chukua mbinu zao. Rangi moja kwa kazi moja: nyekundu umeme, nyeusi ardhi. Badilisha kitu kimoja kwa wakati, ujue kipi kimeharibu. Na programu ikikugomea usiitukane, iamuru ikuandikie kwenye kompyuta namba inazoziona, kwa amri ya "Serial.println". Tatizo litajitaja lenyewe. Huna pesa ya bodi? Zipo programu za bure kama Tinkercad zinazoiga bodi nzima kwenye kompyuta. Unachoma kitaa cha bandia, hupati hasara.

Vifaa hivi vitaendelea kushuka bandarini kutoka nje, hilo tulikubali. Lakini saa ya Kiswahili hakuna kiwanda kitakachokuandikia, wala hakuna mhandisi wa Italia anayelijua tangi la bibi yako. Kanuni hizo ziko kichwani mwako, zinasubiri uziandike. Kijana anayejua kununua tu atangoja fundi maisha yake yote.

Basi, ukivuka wikiendi hii, urojo ule na bahari uogelee, sikukatazi. Ila ukifika Jaws Corner, mlipe mwalimu wako kahawa yake.